Darasa Lao ni Mukuru

Ukiabiri matatu ya Mukuru kwa Njenga, jijini Nairobi, uwe tayari kuruka mitaro ukishashuka. Huko ndiko nilikoandamana Jumamosi moja na msichana anayesomea shahada ya upangaji miji. Mkononi alikuwa na utepe wa kupimia na daftari.

“Jirani zetu hudhani nasomea kuchora ramani tu,” alisema akicheka.

Kumbe kazi yenyewe ni kuuliza maji yanatoka wapi, choo kimoja kinatumiwa na nyumba ngapi, na gari la zimamoto litapitia wapi moto ukizuka. Nakiri mimi, mzaliwa wa mjini, sikuwa nimewahi kujiuliza hayo. Mwaka wa 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, vyuo vikuu vikashirikiana na wakazi kuupanga mtaa. Hata hivyo, mwaka wa 2021 maelfu walibomolewa nyumba kupisha barabara.

Tulipokuwa tukipima kichochoro, mama muuza mandazi aliacha karai lake.

“Binti yangu, mstari huo unapita kwangu?”

“La, mama. Ni zoezi la darasani tu.”

“Hata wale wengine walianza kwa kupima.”

Msichana akakunja utepe, akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa, akamfungulia daftari aone.