Niliiamini Baada ya Kuipima

Mimi ni mpima ardhi wa Unguja. Nilianza kazi hii zama ambazo siku ya kupima ilianza kwa kunoa panga. Thiodolaiti, kifaa chetu cha kupimia, haioni kupitia kichaka. Lazima mstari kati ya kifaa na mtu aliyeshika fimbo uwe wazi. Kwa hiyo vijana walitangulia kufyeka, na mwenye shamba akafuata nyuma akihesabu migomba yake iliyoangushwa. Vilipokuja vifaa vya kielektroniki viitwavyo totali stesheni, hesabu zikawa nyepesi, lakini mapanga yakabaki. Humo ndimo nilimojengeka kuamini kwamba kipimo ni kazi ya miguu. Ardhi nisiyoikanyaga sikuitilia saini.

Nilikuwa na imani hiyo mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walipoanza, kwa msaada wa Benki ya Dunia, kuvipiga picha visiwa vyetu kwa droni. Zilizotumika sana ziliitwa eBee: kidege cha povu kisichofika kilo moja, mabawa yake hayatimii mita. Kijana wa chuo, mara nyingi binti, alikishika mkononi, akakitikisa mara tatu injini ikawaka, akakirusha. Kikaenda zake juu ya minazi, kikapita mistari aliyokipangia kwenye kompyuta, kikarudi na kujiburuza tumbo kwenye nyasi. Betri moja yaweza kukiweka hewani kwa kama dakika 50. Vijana wale walikwenda Unguja na Pemba, wakafunika zaidi ya kilomita za mraba 2,000 kwa picha ambazo pikseli moja ni kama sentimita 7 za ardhi. Ukiziangalia unaona ngalawa moja moja ufukweni, unaona hata kisima.

Wenzangu walishangilia. Mimi nilikuwa na shaka, na shaka ile ilikuwa ya kitaalamu. Lenzi ya kamera hupinda mistari ya pembeni. Upepo huitikisa droni. Mnazi ulio pembeni mwa picha huonekana umelala, na kilele chake kinadondokea kwenye kiwanja cha jirani. GPS ndogo ya ndani ya droni ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa. Sasa mita kadhaa katika kiwanja cha Ng'ambo, mjini, ni chumba kizima cha mtu.

Kwa hiyo nilifanya ninachokijua: nikapima. Nilikuwa na sehemu niliyoipima zamani kwa totali stesheni, yenye bikoni zinazoonekana, pembe za kalavati, kingo za sakafu ya saruji. Nikazitafuta nukta hizo katika picha iliyokwisha kutengenezwa, nikasoma majira yake, yaani namba zinazoonyesha mahali kila nukta ilipo, nikalinganisha na daftari langu. Palipokuwa wazi, tofauti ilikuwa ya sentimita chache. Nikarudia na nukta nyingine nikitarajia kukuta kosa, na jibu likabaki lile lile. Kwenye miti mingi, kimo cha ardhi kilikuwa kimepotoka kabisa, na hilo nitalieleza. Lakini kwa mahali palipo wazi sikuwa tena na la kusema. Wiki hiyo hiyo nikaomba kufundishwa.

Nilichokikuta ndani ya mafunzo ndicho kilichonibadilisha, kuliko kuruka kwenyewe. Kurusha droni mtu makini hujifunza upesi. Kazi iko katika kuifanya picha iwe kipimo. Droni haipigi picha moja kubwa. Hupiga mamia, na kila moja hurudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia. Sisi hupanga picha zifunikane kwa asilimia 75 hadi 80 kwenye mstari wa kuruka, na asilimia 60 hadi 70 kati ya mstari na mstari. Hivyo jiwe moja huonekana katika picha nyingi kutoka pembe nyingi, na programu hutumia pembe hizo kukokotoa lilipo, kwa urefu, upana na kimo. Ule mnazi uliolala hunyooshwa hapo.

Kabla ya kuruka, tunatandaza chini alama kubwa za rangi mbili, na katikati ya kila alama tunapima kwa kipokezi cha setilaiti chenye usahihi wa sentimita. Baadhi ya alama hizo huingizwa katika hesabu ili zivute picha zikae mahali pake. Zilizobaki hufichwa. Programu haizijui. Ramani ikishakamilika ndipo tunazitoa, tukauliza: je, ramani inasema nukta hii iko pale tulipoipima? Nukta hizi za uhakiki ni mashahidi waliowekwa nje ya chumba mpaka kesi ifike mwisho. Bila hizo, programu itakupa ripoti nzuri juu ya nukta ilizokwisha kuziona, na ripoti hiyo haithibitishi lolote.

Chama cha wataalamu wa upimaji wa picha cha Marekani, ASPRS, kina viwango vya usahihi vinavyofuatwa na wengi nje ya nchi hiyo pia. Toleo lao la 2014 lilitaka nukta za uhakiki zisipungue 20. Toleo la pili, la 2023, limepandisha hadi 30. Ninasikia watu wakilalamika kwamba 30 ni nyingi kwa kazi ya shamba moja. Ni kweli ni nyingi, na kwa eneo dogo mteja na mpimaji wanaweza kukubaliana pungufu, mradi ripoti iseme wazi kwamba ni pungufu. Kinachoniuma ni ramani inayouzwa bila nukta hata moja, na mnunuzi akaijengea ukuta.

Kuna jambo jingine ambalo hupita kimya: mfumo wa majira. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali droni huzungumza WGS84. Ukizipandikiza bila kubadilisha, kiwanja kinahama mamia ya mita. Ramani isiyoandika mfumo wake pembeni mimi siipokei, hata ikiwa imetoka kwa rafiki.

Sasa nirudi kwenye miti. Kamera huona juu ya kitu. Juu ya muembe mkubwa inaona majani, na programu inaamini majani ndiyo ardhi. Ukimpa mhandisi wa mitaro kimo hicho, atachora mtaro unaopanda mlima. Vifaa vya leza husaidia, kwa kuwa miale mingine hupenya kwenye mianya na kufika chini, lakini bei yake si ya ofisi ndogo kama yangu. Kwa hiyo chini ya mikarafuu na miembe bado natembea, na panga langu lipo.

Na kuna kitu ambacho hakuna kamera itakayokiona: nani mwenye mali. Kwetu, baada ya Mapinduzi ya 1964, watu wengi walipewa eka tatu tatu. Tena kwa mila zetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine. Siku moja tulikwenda kijiji kimoja cha katikati ya Unguja, sheha akatukusanyia watu, nikamwamkia bibi mmoja aliyekuwa amekaa pembeni na kumuuliza kama ana neno.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kidege chenu kimeona minazi yangu?"

"Kimeona, bibi. Hata makuti yanaonekana."

"Basi kimeona na mwenyewe? Maana kiwanja ni cha marehemu kaka yangu, watoto wake wapo mjini. Minazi nimepanda mimi."

Tukaichapa picha kwa ukubwa wa meza, tukaitandika kwenye jamvi barazani. Watu walianza kwa kutafuta mapaa yao. Kisha wakaanza kuonyeshana: huu mstari wa minazi ni wa fulani, njia hii ni ya wote, hapa palikuwa na kaburi. Bibi yule aliitambua minazi yake mmoja mmoja kwa kidole. Majirani wawili waliokuwa hawasalimiani walisimama juu ya picha ile wakabishana kwa adabu, kwa kuwa kila mmoja aliona alichokuwa akikiona mwenziwe. Tangu siku hiyo sikubali kazi ya mipaka ambayo picha yake haitarudishwa kijijini ikachambuliwa na wenyewe kabla ya kutiwa saini. Hilo sikulikuta katika kitabu chochote cha viwango, nami nalihesabu kuwa kiwango.

Matumizi ya droni ni mengi. Kutokana na picha zile za Zanzibar, mwaka 2018 yalifanyika mashindano ya kuifundisha kompyuta kutambua nyumba na kuzigawa: zilizokamilika, ambazo hazijakamilika, na misingi mitupu. Anayeujua mji wetu unavyotanuka anaelewa thamani ya mgawanyo huo, kwani msingi wa leo ni kaya ya kesho itakayotaka maji na njia. Mwaka 2019 droni ya kunyunyizia ilitumika kwenye mabonde ya mpunga ya Cheju, hapa Unguja, kumwaga utando mwembamba wa silikoni juu ya maji, ili viluwiluwi vya mbu vikose pumzi. Dar es Salaam, picha za droni zilitumika katika kuchora ramani za mitaa inayofurika, ambako mtu akikosea nusu mita ya kimo amekosea ni nyumba zipi zitaingia maji. Na wenzetu wa Rwanda tangu Oktoba 2016 wanapeleka damu hospitalini kwa droni kutoka Muhanga, jambo ambalo kwa mzazi anayevuja damu halihitaji maelezo.

Kwangu kazi ninayoipenda zaidi ni ya pwani. Mashamba ya mwani ya upande wa mashariki huonekana vizuri wakati wa bamvua tu, maji yanapokupwa mbali na vigingi vikasimama wazi. Unaipanga safari kwa kalenda ya mwezi. Ukichelewa, maji yamerudi, na programu haiwezi kuunganisha picha za maji yanayotembea. Jua likiwa utosini nalo huakisi kwenye maji na kukupa weupe mtupu, kwa hiyo tunaruka mapema. Kabla ya hapo nakwenda kwa kinamama wenyewe. Wanawake wa mwani wanafanya kazi wakiwa wamefunga kanga kiunoni, wamelowa, wameinama. Hawataki kupigwa picha na kila mgeni mwenye kidude chake hotelini, na wana haki. Nawaambia siku, saa, nitaruka kimo gani na picha zitakwenda kwa nani. Wakisema si leo, basi si leo.

Sheria ya kurusha droni nayo si kero ninayoibeba kwa shingo upande. Watu hudhani ni mambo mapya, ilhali Mkataba wa Chicago wa 1944, ulioweka misingi ya usafiri wa anga duniani, tayari katika ibara yake ya 8 ulikataza chombo kisicho na rubani kuruka juu ya nchi bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Hapa kwetu anayesimamia anga ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kenya ina kanuni zake za 2020, zenye leseni ya rubani na cheti cha kampuni. Kimo cha mita 120, droni kubaki ndani ya upeo wa macho, kukaa mbali na viwanja vya ndege: haya yanafanana karibu dunia nzima kwa sababu ndege yenye abiria inayoshuka haina namna ya kukuona. Mimi nafanya kazi kwenye kisiwa ambacho ndege ndogo za watalii zinashuka mfululizo. Siwezi kulichukulia hilo kama karatasi tu.

Na kila mahali pana hatari zake. Hapa tuna kunguru, ambao hukishambulia chochote kinachoingia kwenye eneo lao. Tuna watoto na tiara zao, na uzi wa tiara ukinasa kwenye propela droni inaanguka. Kusi likianza kuvuma kwa nguvu, kidege chepesi hupeperushwa. Kimo ambacho droni hurudi nacho yenyewe pale iliporushwa lazima kizidi mnara wa simu na mnara wa msikiti ulio karibu. Nakipima kila eneo, sikikisii. Betri iliyovimba haipandi hewani hata kama kazi ni ya waziri. Vijana ninaofanya nao kazi wana ruhusa ya kusimamisha safari bila kuniuliza, na hakuna anayelaumiwa kwa kufanya hivyo.

Wateja huniuliza mbona bei yangu ni kubwa, na kuna kijana mtaani mwenye droni kama hiyo hiyo anayefanya kwa robo. Nawajibu kwamba kuruka ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Mnalipia kibali, siku ya kutandaza na kupima alama, usiku wa kompyuta, nukta zilizofichwa, na mtu atakayeitwa mahakamani kuieleza ramani hiyo ikibishaniwa. Akija mwingine kwa bei nafuu mpokeeni, huenda ni hodari kunishinda. Ila mwombeni ripoti ya usahihi pamoja na ramani, mtazame nukta za uhakiki zilikuwa ngapi, mfumo wa majira umeandikwa wapi na kibali kimetolewa kwa jina la nani. Akileta picha nzuri bila ripoti, awamu ya mwisho ya malipo isitoke mpaka ripoti ifike.