Injili Iliyosomwa Bondeni Siku ya Matokeo

Mpenzi msomaji, ukisafiri kwenda Nakuru msimu wa Krismasi kwa njia ya Mai Mahiu, tafadhali usisinzie garini. Kando ya barabara, gari linapoteremka bondeni, kuna kikanisa kidogo kilichojengwa mwaka wa 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano. Watu waliotekwa, mbali na kwao, walitenga nguvu za kujenga mahali pa kusali. Wengi hukipita wakitazama mlima Longonot.

Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, nenda Kanisa Kuu la Kristu Mfalme. Najua utapenda Misa ya mkesha, yenye kwaya na vigelegele. Hapo Nabii Isaya husomwa akisimulia jinsi viatu vya askari na mavazi yaliyolowa damu yatakavyotiwa motoni. Hata hivyo nakushauri urauke uende ile ya alfajiri, ijapokuwa baridi ya Nakuru asubuhi si mchezo. Somo lake la pili ni kipande cha barua ya Mtume Paulo kwa Tito, aya nne tu: kwamba Mungu hakutuokoa kwa sababu ya mema tuliyoyatenda, bali kwa rehema yake. Msomaji akiharakisha, litakwisha kabla hujapata pa kuketi.

Kwingine somo hilo huenda likapita kama desturi. Hapa lina uzito wake. Mwaka wa 1992 mapigano ya kikabila yaliikumba Molo, na Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeliongoza jimbo la Nakuru tangu 1971 hadi 1996, aliyakemea hadharani wakati ambapo kusema kulikuwa na hatari yake.

Kisha ikaja 2007. Wakenya walipiga kura Desemba 27, siku mbili baada ya Krismasi. Jumapili ya tarehe 30 ilikuwa sikukuu ya Familia Takatifu, na kalenda ya Kanisa ilikuwa imepanga, pasipo kujua lolote la siasa zetu, Injili ya Mathayo: Yosefu anaamshwa usiku, anamchukua mtoto na mama yake, anakimbilia Misri. Kabla ya Injili hiyo, Wakolosai wanahimizwa wajivike huruma na kusameheana. Waumini walisikiliza, wakaenda nyumbani kula chakula cha mchana. Jioni matokeo ya urais yakatangazwa.

Kabla ya Januari kwisha, moto ulikuwa umewaka Nakuru na Naivasha, na Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru umejaa mahema. Humo mlikuwa na akina Yosefu wengi, wenye godoro kichwani na mtoto mgongoni. Mapatano ya viongozi yalitiwa sahihi Februari 28, 2008, lakini wapo waliokaa kambini miaka kadhaa baadaye.

Basi, msomaji, ukiwa kanisani na wakati wa kutakiana amani ukifika, tazama kushoto na kulia kwako. Utasikia Kiswahili chenye lafudhi ya Kikuyu, ya Kikalenjin, ya Kijaluo, ya Kikisii. Mkono unaoushika huenda ni wa aliyechomewa nyumba. Huenda pia ni wa aliyebeba kiberiti. Paulo hakusema ni yupi kati yao aliyestahili rehema, na hilo, nakiri, hunisumbua mimi kila Krismasi. Ni rahisi kuiimba rehema ikiwa ni yangu. Ya jirani aliyenikosea ni mzigo.

Ukibaki na siku moja, panda gari la Subukia, barabara ya kwenda Nyahururu. Huko ndiko iliko madhabahu ya kitaifa ya Bikira Maria, nayo chemchemi iko juu kilimani. Mahujaji kutoka kila pembe ya Kenya hupanda kuteka maji. Beba chupa yako, na viatu visivyoteleza.