Neno Nililoongeza

Nikikutana na Wakongo hapa Brussels na kufungua mdomo, hunisifu. Muzungu, Kiswahili hiki umekitoa wapi? Nawajibu kwamba nilizaliwa Kolwezi mwaka 1951, na kwamba nilikuwa nikigombana kwa Kiswahili kabla sijajua kugombana kwa Kifaransa. Wanacheka, wananinunulia bia. Sijawahi kuwaambia nilichokifanya kwa Kiswahili hicho asubuhi moja ya Januari 1963.

Kwanza niseme kilikuwa Kiswahili cha namna gani. Leta. Ondoa. Funga mlango. Maneno ya kuomba sikuwa nayo, maana sikuwahi kuomba. Mpishi wetu alikuwa na umri wa babu yangu, nasi tulimwita boyi. Yeye aliniita bwana mdogo. Ila mchana, mama akilala, jikoni kulikuwa na lugha nyingine. Alinitegea vitendawili, akanitajia samaki wa Lualaba mmoja mmoja, akanionyesha jinsi ya kumega bukari, yaani ugali, na kuibonyeza kwa dole gumba ili ishike sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alinifundisha pia kuhesabu hadi kumi kwa Kiluba, lugha ya kwao Kamina. Nilijiona nimepewa siri, na kweli nilikuwa nimepewa.

Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye bwawa la Nzilo, enzi hizo likiitwa Delcommune, jina la Mbelgiji aliyepita huko na msafara wake karne ya 19. Lualaba unapojibana korongoni ndipo walipojenga ukuta, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na umeme wake ukaenda kuendesha migodi ya shaba. Bwawa tuliliita baraji. Kizuizi cha askari barabarani nacho ni baraji, kwa kuwa Kifaransa kina neno moja tu kwa vyote viwili. Mwaka ule wa 1963 hatukukosa baraji za aina yoyote.

Tshombe, kiongozi wa jimbo letu la Katanga, alikuwa amelitangaza kuwa nchi tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru wa Kongo. Wazungu wa kwetu walishangilia; bendera yenye misalaba mitatu ya shaba ilining'inia sebuleni mwetu, juu ya redio. Baluba wengi wa kaskazini, waliomfuata kiongozi wao Jason Sendwe, waliikataa nchi hiyo, na huko vijiji vikachomwa. Kusini, Muluba aliyekuwa jirani jana akageuka mtu wa kushukiwa. Mwaka 1961 maelfu kwa maelfu walikimbilia kambi moja pale Elisabethville, mji mkuu wa Katanga, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Haya yote niliyasikia mezani kila jioni, supu ikipoa. Nayasisitiza kwa sababu kwa miaka mingi nilijitetea kwamba nilikuwa mtoto, sikujua. Nilijua vizuri sana neno Muluba linamfanyia nini mtu.

Mwishoni mwa Desemba 1962 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza kusonga mbele. Tarehe 3 Januari yaliingia Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na Kolwezi ikabaki ngome ya mwisho. Tshombe alitishia kulipua mabwawa na mitambo. Mamluki wake walijaa kila mahali, ndevu na miwani ya jua, nami niliwapenda kama watoto wanavyowapenda wacheza mpira. Nilitaka kwenda kuwatazama kwenye ukuta wa bwawa, ambako ilisemekana baruti imetegwa. Mpishi alinishika mkono njiani akanirudisha nyumbani, akinigombeza mbele ya mtunza bustani. Nilikasirika. Mtu mweusi kunigombeza mimi! Hivyo ndivyo nilivyowaza, na sitayapamba mawazo yale.

Kesho yake mamluki wawili walisimamisha jipu kwenye lango letu. Mpishi alikuwa anatoka na baiskeli, kifurushi kimefungwa nyuma. Wakamzuia, hawakuelewana. Mmoja akaniita: kijana, muulize anakwenda wapi, na ni mtu wa wapi.

Nikamuuliza. Akajibu taratibu, macho yake kwangu: "Mi naenda kutafuta unga. Mi niko muntu wa hapa."

Nikatafsiri. Kazi ilikuwa imeisha, mkalimani angenyamaza. Lakini yule askari alikuwa anatabasamu, na bado mkono wangu ulikuwa unauma pale uliposhikwa jana. Nikaongeza kwa Kifaransa kwamba anadanganya kidogo, si mtu wa hapa, ni Muluba wa Kamina. Ili waniamini, nikawahesabia hadi kumi.

Mpishi hakujua Kifaransa. Jina la kabila, hata hivyo, halina tafsiri. Alilisikia likitoka kinywani mwangu, kisha akazisikia namba zake, akaacha kunitazama. Walimpandisha kwenye jipu pamoja na baiskeli.

Jioni niliwaambia wazazi kwamba askari wamemchukua, sijui kwa nini. Mama alikaanga mayai. Baadaye, tukiwa Ubelgiji, nilikuwa nikiwasimulia wageni habari za bwawa lililokaribia kulipuliwa, hadithi inayosisimua sana, nami ndani yake ni mtoto shujaa. Mpishi nilikuwa nimemtoa kabisa.

Siku nne baada ya kuchukuliwa alirudi, kwa miguu. Ilikuwa wiki ileile Tshombe alipotangaza kwamba Katanga imekwisha, na kabla ya tarehe 21, askari wa Umoja wa Mataifa walipoingia Kolwezi bila mapigano. Midomo ilikuwa imevimba, meno ya mbele hayapo. Mama alitoka barazani akamuuliza imekuwaje, kwa Kifaransa, polepole, kana kwamba polepole ingesaidia.

Mpishi akanigeukia mimi.

"Mwambie madamu nilianguka na kinga," akasema. Kinga ndiyo baiskeli kwa watu wa kwetu. Hakuwa amerudi nayo.

Nikamtafsiria mama neno kwa neno, bila kuongeza kitu.