Rovu la mtoto halisomwi kwa karatasi moja

Nafanya kazi ya labo huku Kavumu, nje ya mji wa Bukavu. Watu wakisikia kipimo cha damu, hudhani kazi inaishia kwenye sindano. Kwa tezi ya tiroidi ya mtoto, sindano ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote.

Kwetu mtoto akivimba shingo, jibu liko tayari: amekosa chumvi yenye iodini. Jibu hilo lina asili yake. Miaka ya 1960 watafiti wa kituo cha IRSAC, pale Lwiro jirani yetu, walikuta marovu tele kisiwani Idjwi kwa uhaba wa iodini, na muhogo ukashukiwa kuzidisha tatizo. Siku hizi chumvi hutiwa iodini, lakini shingo nene bado tunaziona. Kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoishambulia tezi. Mtoto wa namna hiyo hatibiwi kwa chumvi.

Aliletwa msichana wa miaka 12 kutoka upande wa Miti. Mdogo wake wa miaka tisa alikuwa ameshampita kimo. Shuleni alisinzia, mchana alisikia baridi, choo kilikuwa kigumu. Mama yake alikuwa ameambiwa abadilishe chumvi, basi. TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, ilitoka juu mno; T4, homoni ya tezi yenyewe, ilitoka chini. Tezi ilikuwa imeshindwa zamani, na muda wote huo mtoto hakurefuka.

Ili kujua kama kinga ya mwili ndiyo sababu, inahitajika anti-TPO, kipimo cha kingamwili zinazoishambulia tezi, ila hatukifanyi hapa. Damu tunaiacha igande, tunaizungusha kwenye sentrifuji, tunatenga maji ya juu, tunayaweka kwenye kasha la barafu, yanapanda pikipiki kwenda Bukavu. Umeme ukikatika kabla ya kuzungusha, chupa ikasafiri hivyo hivyo kwenye mashimo ya barabara, chembe za damu hupasuka. Maji yanafika mekundu, yanakataliwa, mtoto anachomwa tena. Hata yakipokelewa, labo ya huko inaweza kungoja sampuli nyingine zitimie, maana kufungua reaktifu, yaani dawa ya kupimia, kwa mtoto mmoja ni hasara.

Kisha jibu linarudi, na hapo shida nyingine inaanza. Mvulana mmoja alikuwa na anti-TPO juu, lakini TSH ya kawaida. Baba yake, aliyekopa pesa ya kipimo, alitaka dawa siku hiyo hiyo. Kingamwili husema tezi inashambuliwa. Hazisemi kwamba imeshashindwa. Mtoto kama huyo anaweza kukaa miaka bila kuhitaji dawa hiyo, levotiroksini, ila lazima TSH irudiwe. Na wapo watoto wanaougua kweli ambao kingamwili zao hazionekani kwenye damu. Karatasi ikiandikwa “negatif”, mzazi anarudi nyumbani ametulia, na ugonjwa unaendelea.

Tazameni pia viwango vilivyochapwa pembeni ya jibu. Mara nyingi ni vya watu wazima. Mtoto mchanga wa siku chache huwa na TSH ya juu kwa kawaida yake, na anayesoma bila kuuliza umri hukosea.

Kwa hiyo wazazi, pesa ikitosha kipimo kimoja, anzeni na TSH. Ikitoka juu, fuatisheni T4. Kingamwili zije baada ya hapo. Tunzeni karatasi za zamani, mje nazo. Nanyi wauguzi wenzangu, pimeni kimo kila mtoto anapofika, mkiandike kwenye kadi. Mtoto aliyeacha kurefuka apelekwe kupimwa TSH, hata kama shingo yake haijavimba.