Picha ya Marehemu Ikae Wapi?

Shosti, hebu inua macho utazame ukuta wa sebule yako. Siongelei rangi. Naongelea picha: nani yuko juu, nani yuko katikati, na nani amefichwa kwenye albamu chini ya meza ya tivii. Mgeni akiingia, kabla hujamletea soda, ameshausoma ukuta na ameshajua nani mwenye nyumba. Mama mkwe naye anausoma, tena kwa miwani.

Mimi nimeolewa na mwanaume aliyefiwa na mkewe. Nilipoingia kwenye nyumba yake hapa Magu, mwaka wa tatu tangu msiba, ukutani kulikuwa na vitu vinne tu: kalenda ya parokia, picha ya baba mkwe na kaunda suti yake, cheti cha chuo cha mume wangu, na juu kabisa, karibu na dari, marehemu. Fremu ya rangi ya dhahabu, ua la plastiki limechomekwa pembeni. Mzuri, sitaki kudanganya.

Unajua wazee wetu wanavyotundika. Juu kabisa, kwa kamba, picha imeinama mbele kama inachungulia watu. Ina maana yake, kwani juu ni heshima, na watoto hawafiki. Ila picha iliyo juu vile huitazami wewe, inakutazama yenyewe. Jaribu kula ugali na sato hapo chini kila siku uone.

Basi ushauri ukamiminika. Shoga yangu wa Mwanza akanitumia meseji: "Toa, tena leo leo." Mwingine akasema nisiguse kabisa, nitaamsha mambo. Wifi yangu alikuja Jumapili, akakaa, akatazama juu, akaniambia kwa ule upole unaouma kuliko matusi: "Wifi, jisikie nyumbani." Na mume wangu? Wanaume bwana. "Fanya unavyoona mwenyewe, mke wangu." Nikamwambia hapana baba, hili si pazia. Nikiitoa mimi nitaitwa mchawi, nikiiacha nitakuwa mpangaji. Hili tutaliamua wawili.

Tukalizungusha wiki nzima bila jibu. Aliyelimaliza ni binti yake, mwenye miaka minane, anayeniita mama mdogo. Jioni moja nikamkuta amepanda kwenye mkono wa sofa, anajinyoosha kwa vidole vya miguu, karatasi ya mtihani wa hisabati imeinuliwa kuelekea kwenye picha. Alikuwa amepata 41 kati ya 50. Mkono haukufika hata chini ya fremu.

Sisi tulikuwa tunabishana itoke au ibaki. Mwenye haja nayo kuliko wote alikuwa hafiki, basi. Ilitakiwa ishuke.

Kabla ya kugusa msumari mume wangu akampigia simu mama wa marehemu. Hilo nililisisitiza mimi, na nakushauri nawe usiliruke: mtoto wao asikie kahamishwa kwa taarifa, si kwa umbea. Mama yule alisikiliza, kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Picha ile ndiyo iliyobebwa mbele ya jeneza. Akauliza kwa nini mtoto akuzwe na picha ya msibani. Baada ya siku chache akatutumia nyingine kwa mtu wa basi: marehemu yuko ufukweni, khanga kiunoni, amembeba binti mchanga, anacheka mdomo wazi. Tukaipeleka studio Mwanza, kilomita kama 60, wakaiskani na kusafisha nakala. Tulichoweka kwenye fremu ni nakala. Picha yenyewe imo kwenye bahasha kabatini. Jua la dirishani hula rangi za picha, na hiyo haina ya pili.

Mahali tulipopachagua ni korido, kati ya sebule na vyumba vya kulala. Hakuna jua la moja kwa moja, na kila mtu wa nyumba anapita. Majumba ya sanaa mengi hutundika katikati ya picha kwenye sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima. Sisi tulimsimamisha binti ukutani, tukapima macho yake, tukaweka 115. Pembeni yake babu zake wote wanne, mimi na baba yake siku ya harusi, na yeye na sare ya shule. Tulipanga kwanza sakafuni, halafu tukakata magazeti kwa saizi ya fremu na kuyabandika kwa selotepu mpaka wote tukaridhika. Fundi akaja na pima maji na drili. Usikubali misumari ya mbao kwenye ukuta wa saruji, plasta itamomonyoka na fremu itaanguka usiku uamke unakemea majini. Skrubu na vile vijiplastiki wanavyoviita fisha.

Kuna waliosema kupamba kuta kwa picha ni mambo ya kizungu. Jamani! Hapa hapa Usukumani chama cha wacheza na nyoka kilikuwa na nyumba zake zilizochorwa kuta kwa ndani, watu na nyoka, na Hans Cory alitoa kitabu kizima juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Ukitaka kuona Wasukuma walivyopenda alama na rangi, shuka Kisesa uende makumbusho ya Bujora, yako wilaya yetu hii hii.

Sebuleni pakabaki tundu la msumari wa zamani. Mume wangu alitaka picha ya harusi yetu ikae pale pale. Nilikataa. Sikuja kuziba tundu la mtu. Tuliliziba kwa saruji, tukapaka rangi, na juu ya sofa, sentimita 20 hivi kutoka kwenye mgongo wake, tukatundika Tingatinga ya samaki na ndege. Rangi yake inang'aa, vumbi la barabara ya Musoma nalifuta kwa kitambaa.

Wifi alikuja tena mwezi uliopita. Akaenda kunawa, akakawia sana koridoni, mpaka chai ikapoa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na hakusema nijisikie nyumbani. Akauliza fremu kama ile tulinunua shilingi ngapi, na kama binti amepata ngapi safari hii. Nikamwambia amuulize mwenyewe.