Mahari yangu nimenunulia pikipiki ya umeme



Wengi mmeniuliza mahari yangu nimeifanyia nini, maana bangili za siku ya harusi mlijua ni za kuazima. Nimenunulia pikipiki ya umeme. Tena si vespa. Ni ile ndefu ya njia mbovu, yenye tairi za meno.

Mama hakulala siku ile. "Mahari ni dhahabu, mwanangu. Ukibanwa, unauza." Sikumjibu kwa ukali. Nilimkumbusha tu kuwa Suratun Nisaa, aya ya 4, inaamrisha wanawake wapewe mahari yao. Mume wangu alisema fedha si zake, akanyamaza. Lakini nilijua nikikosea hapa, mahari yangu ndiyo imekwenda.

Nasomesha skuli ya maandalizi kijiji cha pili, kilomita 11 kutoka nyumbani. Lami inaishia njiani. Kilomita tatu za mwisho ni mawe matupu, yale makali ya huku kwetu kusini Unguja yanayokata viatu. Vespa ya umeme niliijaribu. Kwa buibui ni raha, unakaa miguu pamoja, lakini ilikuwa ikigonga tumbo kila jiwe. Nilirudi naisukuma.

Hii ya pili muuzaji alisema inakwenda kilomita 80 kwa chaji moja. Mabibi harusi, hapo nisikilizeni: msitazame kilomita za muuzaji, tazameni betri. Zidisha volti kwa ampea-saa. Yake ilikuwa volti 60 kwa ampea-saa 20, yaani wati-saa 1,200, umeme wa uniti moja na kidogo. Kwa mawe yetu nilikisia wati-saa 40 kila kilomita. Kwenda na kurudi ni kilomita 22, basi 880. Inafika, lakini betri huzeeka, na umeme ukikatika usiku asubuhi huna chaji. Nikataka ya ampea-saa 30, ya lithiamu, ya kuchomoa nikaichaji ndani. Akataka tuandikiane nyongeza nilipe kidogo kidogo na riba juu yake. Nikamwambia anisubiri mwezi mmoja, zamu yangu ya upatu ifike.

Kilichonitisha zaidi ni mnyororo. Buibui likinaswa mle, mtu anakwenda chini. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea bati la kuufunika wote. Ndani navaa suruali pana, juu buibui lenye mpasuo wa vifungo, na mtandio nauchomeka ndani ya koti kabla ya kuvaa helmeti. Aliyelishona buibui hilo ni mama, huku bado amenuna.

Jambo moja sikulifikiria: haina mlio. Wiki ya kwanza nilimshtua bibi mmoja aliyejitwika kuni, mzigo ukamdondoka. Nilishuka nikamtaka radhi, nikamfungia kuni zake upya, akanisema mpaka nikamaliza. Sasa nikiona mtu mbele napunguza mwendo, natoa salamu kwa sauti, honi baadaye.

Mama hajaipanda. Jana kaniuliza nyuma pale panachukua nazi ngapi.