Kandambili za Makole

Mimi ni fundi viatu hapa Makole, Dodoma. Viatu vya ngozi vya waheshimiwa haviji kwangu. Zinazokuja ni kandambili: tundu lililochanika, mkanda uliokatika, soli iliyoachia. Zilizoshindikana nilikuwa nazitupa mtaroni nyuma ya kibanda, na mvua ya Desemba ikizichukua, nasema mvua imefagia. Bahari niliiona habari ya wavuvi. Sisi Wagogo tuko juu huku, zaidi ya mita elfu moja. Ya pwani yanatuhusu nini?

Februari 2019 nilikwenda Unguja kwenye harusi ya ukoo. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, twende ukaone jahazi la kandambili." Ni Flipflopi, lililotoka Lamu likakata kama kilomita 500 mpaka Mji Mkongwe. Urefu mita tisa hivi. Mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, waliyeyusha tani kama kumi za plastiki iliyookotwa, wakapata mkuku, mataruma na mbao zisizo mbao, kisha wakalivika mwili mzima vipande vya kandambili zipatazo 30,000.

Watu walisifu rangi. Mimi macho yalikwenda kwenye soli. Fundi huijua miguu: huyu anakanyagia nje, huyu kisigino kimelika, yule alivuta mpaka tundu la mbele likapasuka. Magonjwa yale yale ninayotibu Makole! Jahazi lenyewe na mabaharia wake walivuka mpaka wa Kenya na Tanzania kwa karatasi. Zile kandambili, kabla ya kuokotwa, ziliranda na maji bila kuonyesha pasi popote.

Niliporudi nikamuuliza mteja wangu mmoja, mzee aliyestaafu mambo ya maji: mtaro huu unakwenda wapi? Akachukua kijiti, akanichorea mchangani. Maji ya upande huu hutafuta Kinyasungwe, yakapita bwawa la Hombolo, yakashuka Gulwe hadi Kilosa (ndio mto huo huo unaotukatia reli mvua zikizidi), yakabadilishwa majina njiani mpaka yanaitwa Wami, yakaingia Bahari ya Hindi pale Saadani. Ng'ambo yake ni Unguja. Sidai kwamba kandambili ya Makole ilifika Forodhani; kiangazi mto ule ni mchanga mtupu, na Hombolo huzuia mengi. Lakini njia ipo, na mimi nilikuwa naipakia mizigo.

Tangu hapo nina gunia. Na lilipojaa, nikatundika senyenge ukutani nikaanza kupanga ramani ya njia ile. Mikanda ikawa mto. Unguja nikaijaza soli za bluu, Pemba za kijani, Mafia ikapata soli moja ya mtoto. Vijana wakaniletea vya mtaroni: miswaki, vifuniko vya soda, tumbo la redio. Vyote vikaenda baharini, yaani upande wa kulia wa ukuta. Dereva mmoja wa Kipemba, aliyeleta mbunge wake bungeni, alisimama akatazama, akasema, "Fundi, Pemba umeitupa mbali mno. Sisi na Tanga tunaonana." Nikaisogeza.

Mpaka wa Bara na Visiwani ndio ulionitesa. Niliweka mkanda mweusi, nikautoa, nikaurudisha. Sasa pale pana senyenge tupu, na wateja wawili walishagombania Muungano wa 1964 mbele yake huku kandambili zao zikisubiri gundi. Afadhali hivyo kuliko kukaa kimya kwenye simu.

Jirani yangu muuza chipsi bado anamwaga takataka mtaroni, na tumeshavutana sana. Juzi alikuja kwa upole kidogo. Mkewe ni wa Kilindoni, ameona Mafia yake ni soli moja tu, tena ya mtoto, na amekasirika. Nimemwambia alete soli zake mwenyewe, pamoja na chupa zote za mafuta za wiki hii.